Wijeti ya Umma Yazinduliwa Rasmi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa shughuli hii. Mheshimiwa Makamu wa Mwenyekiti, uliyeketi hapo ili Mwenyekiti akiinuka kiti kisipoe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Tendaji, wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati Tendaji, na wajumbe ambao bado mnasubiri kamati zenu ziundwe. Mwanasheria wetu msomi. Viongozi wa dini zote, wakiwemo wale ambao kadi zao za mwaliko ziko mezani kwangu mpaka sasa. Wawakilishi wa vinyozi, mafundi cherehani, mafundi viatu na wauza vocha. Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada zetu, shemeji, mawifi, na wakwe ambao najua mmekaa mbalimbali kwa ajili ya heshima. Fundi mitambo, uliyekivalisha hiki kipaza sauti soksi ili kisipige kelele, na soksi yenyewe naona ni safi. Na mwisho kabisa, ingawa kwa cheo ndiye wa kwanza, Mgeni Rasmi wa shughuli hii, ambaye, baada ya waalikwa sita kutoa udhuru, ni mimi mwenyewe. (Makofi. Msemaji naye anapiga, kisha anainua mkono kuyazuia.)

Wapo viongozi ambao wangesimama hapa, wakasema "itifaki imezingatiwa", wakaendelea na safari. Mimi siwezi. Mtu ameamka asubuhi, amepiga pasi shati, amekuja kutajwa, halafu wewe umzingatie kwa jumla kama gunia la mkaa? Mimi nimelelewa. Kama kuna mtu hajatajwa ainue mkono nimtaje sasa hivi. (Mikono kumi na saba inainuliwa. Msemaji anawataja wote. Dakika kumi na moja zinapita. Feni ya ukumbi, yenye mapanga mawili badala ya matatu, inazunguka kwa kuchechemea.)

Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao nathubutu kusema hamjapata kuuona kwa kiongozi mwingine yeyote, ili kuzindua rasmi Mradi Shirikishi wa Wijeti ya Umma kwa Ajili ya Kipato Endelevu cha Posti za Kulipiwa, kwa kifupi MSHIWIUKIEPO, na mkishindwa kulitamka msijilaumu, hata mimi nimefanya mazoezi wiki nzima mbele ya kioo, na mke wangu alidhani nina kwikwi. (Kicheko.) Mradi huu ni paradaimu mpya. Unabadilisha fremuweki nzima ya kipato cha mtu wa kawaida, unaleta sinaji kati ya stekiholda wa juu na stekiholda wa chini, na impakti yake, kwa makadirio ya wataalamu ambao kwa sasa siwezi kuwataja, itahisika mpaka kwa wajukuu wa watu ambao bado hawajaoa.

Najua mnajiuliza wijeti ni kitu gani. Wapo wenye blogu humu ndani, wapo wasio nayo, na wapo wanaodhani blogu ni ugonjwa wa ng'ombe. Sitamcheka mtu. Blogu ni ukurasa wako mwenyewe mtandaoni, unaandika unayoyajua, watu wanakuja kusoma. Wijeti ni kijimraba kinachokaa pembeni ya blogu hiyo, upande wa kulia, chini ya picha yako. Mwenye kiwanda cha sabuni anapita mtandaoni kama mtu apitavyo sokoni, anakiona kile kijimraba, nacho kinamwambia: huyu ana wasomaji kadhaa, bei yake ni hii. Anabofya. Anakutumia kazi: niandikie posti kuhusu sabuni yangu, uirushe kwenye kurasa zako zote za mitandao ya kijamii, nami nitakulipa. Wewe uko nyumbani kwako, miguu iko ndani ya beseni la maji ya moto, na simu inalia ting! Si mkopo huo, si mchango wa harusi. Ni jasho lako, ingawa hukutoka jasho. (Vigelegele. Sauti kutoka nyuma: "Hapo sasa!")

Hapo sasa, ndugu yangu, ndipo sisi tunapoingia. Maana jambo likiwa rahisi kiasi hicho, kila mtu atalifanya peke yake, na mtu akifanya jambo peke yake ofisi itafanya nini? (Mwanamke wa makamo katika safu ya tatu, fundi cherehani anayejulikana mtaani kwa jina la Mama Pindo, ananyoosha mkono. Pembeni yake amekaa wifi yake, amepakata mkoba.) Maswali mwishoni, mama. Shusha mkono usije ukafa ganzi.

Tulianza na kapasiti bildingi. Tuliita semina ya siku tatu katika ukumbi huu huu, washiriki themanini, na kwa kuwa ukumbi hauna kompyuta, na kwa kuwa umeme siku hiyo nao ulitoa udhuru, wataalamu wetu hawakukunja mikono. Kila mshiriki alipewa daftari la kurasa arobaini na nane. Jalada likawa ndiyo blogu. Upande wa kulia wakachora kijimraba kwa rula, hiyo ikawa wijeti. Kisha kila mmoja akapewa kazi ya kuandika posti ya kulipiwa kuhusu ndoo. Ukitaka kushea, unampa daftari aliyekaa benchi la nyuma yako. Ukiipenda posti ya mwenzako, unaandika pembeni "nimependa" na kutia saini. Ukitaka kujua wafuasi wako, unatoka nje saa ya chai na kuhesabu wanaokufuata. (Kicheko. Makofi.) Mnacheka, lakini posti ya kinyozi wetu, yule pale mwenye shati la mistari, kufikia mapumziko ilikuwa imeshaondoka ukumbini, imefika jikoni, wapishi wameipenda, imevuka barabara imeingia kituo cha mafuta, na mpaka leo hatujui iko wapi. Dunia nzima inatafuta namna ya kufanya posti isambae hivyo, na sisi tulifanya kwa daftari!

(Kinyozi anasimama. "Mheshimiwa, mimi nilipata nimependa sitini na tatu. Nilikuwa nauliza, zinalipwa dirisha gani?")

Tunza daftari, kijana wangu. Tunza daftari.

("Ndilo lililopotea, Mheshimiwa.")

Basi tunza kumbukumbu. (Kicheko kirefu. Mwenyekiti anagonga meza kwa kifuniko cha chupa ya maji.) Niendelee. Baada ya semina tuliona hatari. Je, mwananchi akiandika posti ya kulipiwa kuhusu mafuta ya nywele, na nywele zisiote, nani ataulizwa? Ndiyo maana tuliunda Kamati ya Uhakiki wa Posti, ambapo kila posti kabla ya kurushwa itachapwa kwenye karatasi nakala tatu, itapita meza tano, itapigwa muhuri wa wino mwekundu, itarudi meza ya kwanza kuulizwa kwa nini imechelewa, ndipo irushwe. Takwimu ninazo, na takwimu hazina shemeji, hazimpendelei mtu. Tangu kamati ianze, imekaa vikao arobaini na kimoja. Posti zilizopokelewa ni sifuri. Posti zilizokataliwa ni sifuri. Malalamiko ni sifuri. Huo ni ufanisi wa asilimia mia moja, nileteeni kamati nyingine duniani iliyopokea posti zote na isikosee hata moja! Mahudhurio ya vikao yenyewe yamefikia asilimia mia moja na nne, kwa kuwa siku za chakula cha mchana wajumbe wengine huja na ndugu zao. (Makofi kutoka meza ya wajumbe. Mama Pindo ananyoosha mkono tena, safari hii ameushika kwa mkono wa pili.) Mama, nimekuona. Hata mara ya kwanza nilikuona.

Sasa naomba tusimame, isipokuwa wenye magoti mabovu. Tumefika kwenye tendo lenyewe. Wapo wasomi waliotukejeli, wakasema, kitu cha mtandaoni hakishikiki, mtakizinduaje? Nikawajibu kwamba mimi katika utumishi wangu nimezindua visima, vyoo, madaraja mawili na daraja moja ambalo mto wake ulihama, na utaratibu ni uleule: kisichofunikwa kitambaa hakiwezi kufunuliwa, na kisichofunuliwa hakijazinduliwa. Kwa hiyo tulimwita seremala, akatutengenezea wijeti ya mbao, ukubwa wa mlango. Mchora mabango akaomba sampuli, maana alisema hawezi kuchora asichokiona, tukamtafutia moja mtandaoni, zaidi ya mwaka sasa umepita, akainakili kwa rangi ya mafuta, mipako mitatu, haichuji hata kwa mvua. Ndugu wananchi, kwa mamlaka niliyopewa, natamka kwamba Wijeti ya Umma imezinduliwa! (Anavuta kitambaa cha bluu. Kitambaa kinanasa kwenye msumari. Anavuta tena. Seremala anapanda jukwaani, anakinasua, anashuka. Ubao unaonekana: kijimraba cheupe, ndani yake picha ya kidole gumba kilichovaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga sindano, na maneno "Wasomaji 2,316. Tangaza nami." Makofi yanaanza, kisha yanakatizwa.)

(Mama Pindo: "Hiyo ni yangu!")

Ni yako kabisa, mama, ni yangu, ni yetu sote. Ndiyo maana inaitwa ya umma.

(Mama Pindo: "Sisemi hivyo. Nasema hicho kidole ni changu. Hiyo ni wijeti ya blogu yangu. Wifi, si ndiyo?" Wifi yake: "Ndiyo, na kastabini iko humu kwenye mkoba." Anaitoa na kuiinua juu. Watu wanageuka kutazama.)

Nimefurahi sana. Nimefurahi mno. Mpeni mama kipaza sauti, lakini soksi isivuliwe. Mnaona, ndugu zangu, huu ndio ushirikishwaji tunaousema kila siku, mwananchi anaona kidole chake jukwaani! Sema mama, kwa ufupi, kama mimi.

(Mama Pindo anashika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Mheshimiwa, na uniwie radhi nikikuita mwanangu, maana mimi ndiye niliyekushonea kaptura ya shule, darasa la pili, ukaichana siku hiyohiyo." Kicheko kikubwa. "Mwanangu, macho yangu yanakwisha nguvu. Uzi siuoni tena, wifi yangu huyu ndiye ananitungia sindano. Lakini ninayoyajua kuhusu nguo hayajatoka kichwani. Basi mimi nikawa nasema, yeye anaandika kwenye blogu: namna ya kugeuza kola iliyochakaa, namna ya kubadilisha zipu bila kufumua suruali nzima. Watu wakaja kusoma. Tukaweka wijeti. Mwenye duka la mikasi na nyuzi akaiona, akanipa kazi, posti mbili kila wiki, ananilipa. Nikasema, alhamdulillahi, macho yakienda hata yote, mdomo utanilisha. Halafu ikaja barua kutoka ofisini kwako.")

Barua hiyo naikumbuka, niliisaini kwa kalamu ya bluu. Ilikutaka uondoe mara moja wijeti yako binafsi isije ikachanganywa na Wijeti ya Umma, mpaka hapo ya umma itakapokuwa tayari. Ni barua nzuri, ina aya nne.

("Nikaiondoa siku hiyohiyo. Mimi mtu wa serikali akiniandikia sibishani. Ni miezi kumi na minne sasa, sijapata kazi hata moja, maana anayenitafuta hanioni. Kodi ya chumba cha kushonea wifi ndiye analipa, na yeye ana watoto wake. Jana yule mwenye duka aliniandikia. Anachagua watu wake wa kumwandikia mwaka mzima, anafunga leo jioni. Asipoiona wijeti yangu pale pembeni, nafasi anampa mwingine. Sikuja kudai wala kumshtaki mtu. Nimekuja kuomba ruhusa niirudishe. Ni hilo tu, mwanangu." Anarudisha kipaza sauti.)

Mama, umenigusa. Naomba iandikwe kwamba nimeguswa. (Anatoa kitambaa cha mfukoni, anajifuta paji la uso.) Hata hivyo uongozi si kuguswa tu, uongozi ni kuguswa na kubaki ulivyo. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Leo nikikuruhusu wewe urudishe wijeti yako, kesho kinyozi ataweka ya kwake, keshokutwa fundi viatu, na wananchi watashindwa kujua ipi ni ya halali na ipi inafanya kazi. (Sauti: "Si hiyo inayofanya kazi?") Aliyesema hivyo anakaa upande upi? Mama, ruhusa utaipata, tena kwa barua, siku ile Wijeti ya Umma itakapoanza kazi rasmi. Subira yavuta heri.

(Sauti nyingi: "Lini?")

Hivi karibuni. Na nikisema hivi karibuni, wanaonijua wanajua.

(Mlango wa nyuma unafunguliwa. Wanaingia watu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja mwenye miwani, kila mmoja na faili kwapani. Hawasalimii. Wanakaa safu ya mwisho na kufungua kalamu. Karani anapanda jukwaani kwa ncha za vidole, anamnong'oneza msemaji. Neno linalosikika kwenye kipaza sauti ni "wakaguzi".)

Kama nilivyokuwa nikisema... (Anakunywa maji. Anakunywa tena.) Kama nilivyokuwa nikisema, hili wazo, hili ambalo baadhi ya watu kwa furaha zao wamekuwa wakiliita mradi, ni wazo jema sana, na sote tunaliwaza kwa pamoja. Kamati Tendaji inaliwaza, Kamati Ndogo inaliwaza kwa udogo wake. Na huu mkusanyiko wa leo, nisieleweke vibaya, si uzinduzi. Ni watu wanaojuana, wameonana.

(Mtu wa safu ya mbele: "Bango linasema uzinduzi.")

Bango ni la mwaka jana, utaona tarehe imefunikwa kwa karatasi ya gundi. Nakushukuru kwa kulitazama.

(Mkaguzi mwenye miwani anasimama. "Samahani kwa kukukatiza, Mheshimiwa. Tumetumwa kuiona Wijeti ya Umma. Tumeitafuta mtandaoni siku nne. Tupe anwani yake tuifungue hapa hapa.")

Karibuni sana, dada yangu, karibuni na mpumzike, naona mmetoka mbali. Hilo ni swali la kitaalamu, na mimi ni mtu wa dira na mwelekeo. Ila kama mnataka kuiona, ile pale, ya mbao.

("Taarifa uliyotia saini inasema inatumiwa na kaya elfu tisa.")

Taarifa ilikuwa inatazama mbele. (Kicheko. Mwanasheria anafumba macho.)

("Na picha iliyo kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa ndiyo hii iliyo kwenye ubao?")

(Kinyozi, kabla msemaji hajajibu: "Hiyo ni ya Mama Pindo!" Ukumbi mzima: "Ya Mama Pindo!" Mkaguzi anaandika.)

Ndugu zangu, muda si rafiki. Tuingie kwenye kaulimbiu, kwa sababu kikao kisicho na kaulimbiu ni msiba. Nikisema mimi, mnaitikia oyee, kwa nguvu lakini kwa adabu. Wijeti! ("Oyee!") Hapana, hiyo tuiache. Tuanze upya. Umoja! ("Oyee!") Subira! ("Oyee!" kwa sauti ndogo.) Wazo jema! ("Oyee!") Wazo ambalo halijatekelezwa! (Watu wanatazamana. "Oyee?") Kamati zetu zilizojitolea bila kushika chochote! (Wajumbe peke yao: "Oyee!") Wageni wetu wa leo wenye mafaili! (Mtoto mmoja peke yake: "Oyee!" Mama yake anamziba mdomo.) Inatosha, mmeitikia vizuri, sauti mmebakiwa nayo ya kurudia nyumbani.

Sasa nitoe shukrani, maana mcheza kwao hutunzwa, na mimi nimecheza kwetu. Namshukuru seremala kwa mbao zake. Namshukuru mchora mabango kwa rangi yake, ambayo ndiyo kitu pekee hapa kinachoweza kuguswa. Nawashukuru wale wataalamu watatu wa kompyuta waliotajwa kwenye taarifa, popote walipo, kama wapo, kwa utulivu wao, maana hawajawahi kutusumbua hata kwa simu. Naishukuru Kamati ya Uhakiki kwa kuhakiki kwa vikao arobaini na kimoja kitu ambacho, tumshukuru Mungu, hakikuwepo. Na hapa naomba karani aandike neno kwa neno, na wageni wetu wa safu ya nyuma wasikie vizuri, fundi mitambo vua soksi. (Soksi inavuliwa. Kipaza sauti kinapiga yowe, kinatulia.) Nataka iwe wazi kwamba hakuna kilichofujwa, kwa sababu huwezi kufuja kisichokuwepo. Mradi huu haukuharibika. Haukuchelewa. Haukuibiwa. Mradi huu haukuwahi kuwepo! Hakuna wijeti iliyotengenezwa. Hakuna mtu aliyeagizwa kuitengeneza. Ofisi ya mradi ni mlango tulioubandika kibao, na nyuma yake ni stoo ya mifagio, nendeni mkaone, mifagio yote imo. Mimi mtu safi. Mnitafutie kosa katika kitu ambacho hakikuanza!

(Wakaguzi wanaandika kwa kasi. Hakuna makofi. Mama Pindo amesimama. Safari hii hakunyoosha mkono.)

("Kama hakuna mradi, ile barua ilitoka wapi?")

Mama, umesimama tena. Barua ilitoka... barua zina njia zake. Iliandikwa na ofisi kwa niaba ya...

("Kwa niaba ya stoo ya mifagio?" anauliza kinyozi. Hakuna anayecheka. Mkaguzi mwenye miwani: "Mjibu mama, Mheshimiwa. Nasi tunahitaji jibu hilo.")

Ngoja. Mwanasheria, njoo. (Wananong'ona. Bila ile soksi kila neno linasikika. Msemaji: "Sema kwamba ilikuwa ushauri." Mwanasheria: "Umeandika 'unatakiwa mara moja'." Msemaji: "Basi sema mradi ulikuwepo kidogo." Mwanasheria: "Ukiwepo hata kidogo, hao watakuuliza ulipo." Msemaji anaugeukia ukumbi.) Mwanasheria wetu msomi anasema, nikifupisha, kwamba mradi usiokuwepo hauwezi kumkataza mtu kitu.

("Kwa hiyo ningeweza kuirudisha?")

Ungeweza.

("Tangu lini?")

Tangu siku ileile, mama. Hata kabla hujafungua bahasha.

(Mama Pindo anakaa chini. Wifi yake anamshika bega. "Miezi kumi na minne," anasema Mama Pindo, si kwa kipaza sauti, lakini wote wanasikia. "Nilimwambia wifi tusiiguse, tutapata matatizo na serikali. Alinisihi turudishe, nikamkatalia. Nilikuwa namtii nani, jamani?")

(Msemaji anakunja karatasi za hotuba. Anavua miwani.)

Basi nina shukrani moja ya mwisho, na haimo kwenye karatasi. Nakushukuru wewe, mama, kwa niaba ya mradi usiokuwepo. Ni wewe peke yako uliyeuamini. Sisi wengine tulikuwa tunakuja kwenye vikao tu. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna makofi. Mama Pindo anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anachukua simu kutoka mkobani na kumpa wifi yake. "Bofya wewe, mimi sioni vizuri," anamwambia. "Jioni bado haijafika.")